Rukh Hakurudi: Kisa cha Ndege Wakubwa Wasioruka

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa madrasa na wazazi wao, baada ya Alasiri, katika mwezi wa Ramadhan)



Wazee wetu, mama zetu, walimu wetu, na nyinyi wadogo zangu mliokaa hapa mbele kwenye mkeka.  Na wewe msomaji unayesoma haya nyumbani, jihesabu kuwa umekaa nasi. Ama baad.

Najua hii ni saa nzito. Alasiri imeshapita, Magharibi bado, na harufu ya sambusa imeanza kutoka majumbani. Kwa hivyo sitawachosha. Nilipoambiwa nizungumze na watoto nilifikiri sana niseme nini, mpaka mdogo wangu wa miaka tisa akanipa jibu. Usiku mmoja baada ya tarawehe alikuwa akisimuliwa na nyanya yetu kisa cha Sindbad baharia. Kikaisha, akanijia chumbani: "Kaka, yule ndege Rukh alikuwa kweli ama ni uongo?" Mimi nilikuwa na mtihani wa chuo. Nikamwambia, "Ni hadithi tu, nenda kalale."

Ndugu zangu, nilimjibu ovyo. Mtoto akiuliza swali zuri, jibu la haraka ni kama kumnyang'anya kitu. Basi leo nalipa deni lake mbele yenu.

Yai kama kuba

Waliosoma ama kusimuliwa Alfu Lela Ulela wanakumbuka. Katika safari yake ya pili Sindbad aliachwa kisiwani peke yake. Akaona kwa mbali kuba jeupe. Akalizunguka akitafuta mlango, asiuone. Kumbe si kuba, ni yai! Mwenyewe akaja, Rukh, ndege aliyeziba jua kwa mabawa yake.

Katika safari ya tano, wafanyabiashara waliokuwa na Sindbad walilikuta yai la Rukh, wakalivunja, wakamtoa kinda, wakamla. Baba na mama wa kinda wakarudi. Walipoona yaliyotendeka wakaenda wakachukua majabali makubwa, wakayaangusha juu ya jahazi mpaka likazama. Shikeni hapo hapo, wadogo zangu. Yai lilivunjwa, na wenyewe wakarudi kulipiza. Nitalirejea neno hilo mbele.

Wala si Sindbad peke yake. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza kwamba alipokuwa akirudi kutoka Uchina, mabaharia waliona kitu kama mlima kimeinuka juu ya bahari. Wakaanza kulia na kuagana, wakisema yule ni Rukh na akituona tumekwisha. Upepo ukawageuza, wakaokoka. Marco Polo wa Venice naye alisikia habari za ndege huyo, kwamba anabeba ndovu kwa makucha, na kwamba anaishi visiwa vya upande wa Madagaska.

Madagaska ndiyo Bukini ya wazee wetu. Haiko mbali na pwani ya Afrika. Pale panapokaribiana kabisa na Msumbiji ni bahari ya kama kilomita 400 tu. Mabaharia wa Kiarabu na wa Kiswahili waliifahamu vizuri. Sasa kwa nini habari za ndege mkubwa zielekezwe upande huo? Wapo wataalamu wanaodhani kwamba mabaharia waliyaona mayai ya huko, wakarudi nayo habari, na habari ikakua kila ilipopita mdomo hadi mdomo. Kwa sababu yai, wadogo zangu, lilikuwepo kweli.

Ndege wa Bukini

Watu wa Madagaska walimwita vorompatra. Wazungu humwita ndege ndovu. Jina lake la kitaalamu ni Aepyornis. Alisimama kama mita 3 kwenda juu. Mlango wa nyumba zetu ni mita 2, kwa hivyo angelazimika kuinama sana aingie. Uzani wa wale wakubwa unakadiriwa kuwa kilo 500, wengine hata 700 na zaidi. Mbuni wetu hapa Kenya, ambaye ndiye ndege mkubwa kuliko wote walio hai leo, akinenepa sana hufika kama kilo 150. Yaani mbuni wanne ndani ya ndege mmoja.

Na yai lake? Urefu wake ulipita sentimita 30. Ukilizungushia uzi kwa urefu wake, uzi unakaribia mita moja. Ndani mlikuwa na kama lita 10. Mnaujua ule mtungi wa manjano wa maji wa lita 20, si ndiyo? Yai moja linajaza nusu yake. Ukitaka kupata ujazo huo kwa mayai ya kuku, ununue kama mayai 150, yaani trei 5. Mama akipasua yai moja tu, mtaa mzima unapata mkate wa mayai!

Lakini Rukh wa kweli hakuruka. Mkitaka kujua kwa nini, leo wakati wa futari mkiletewa kuku, tazameni mfupa wa kidari. Katikati umechongoka kama mkuku wa jahazi. Pale ndipo inaposhika misuli ya mabawa. Mbuni hana mkuku huo, na ndege wa Bukini hakuwa nao. Kidari chake kilikuwa bapa kama sinia, na mabawa yake vijibawa tu vilivyofichika ndani ya manyoya. Nguvu zote zilikuwa miguuni. Hakubeba ndovu wala mbuzi. Alikuwa mtu wa majani na matunda, asiye na ugomvi na mtu.

Mwaka 2018 wataalamu walichunguza fuvu lake na kuona kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilikuwa ndogo mno. Wakakisia kwamba huenda alitembea usiku. Hebu fikirini: giza la msituni, ndege mrefu kuliko mlango, haoni vizuri, anatafuta tunda lililoanguka kwa kunusa. Mimi nikimfikiria hivyo simwogopi tena. Namhurumia.

Ajabu nyingine. Mwaka 2014 wataalamu walipima chembechembe za urithi zilizobaki katika mifupa yake ili wajue jamaa yake wa karibu ni nani. Kila mtu angebashiri mbuni, maana wote ni wa upande wetu huu. Jibu likawa kiwi, kindege cha ukubwa wa kuku kilichoko New Zealand, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka Madagaska! Maana yake mababu wa ndege hawa zamani sana walikuwa wakiruka. Walivuka bahari, wakatua visiwani, wakakuta hakuna simba wala chui. Chakula kipo chini, adui hayupo. Basi kuruka kuna faida gani? Kidogo kidogo, kwa muda mrefu mno, wakaacha kuruka na wengine wakakua wakawa majitu.

Mifaransa ndio walioandika habari zake kwanza Ulaya. Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wao huko kusini mwa kisiwa, alitaja katika kitabu chake cha mwaka 1658 ndege mkubwa anayetaga mayai kama ya mbuni na kukaa mahali pasipo watu. Mayai yenyewe yalifika Paris baada ya nahodha mmoja kuyapata mwaka 1850, na mwaka 1851 ndege akapewa jina la kitaalamu. Wakati huo yeye mwenyewe hakuonekana tena.

Kuna kisa kingine nakipenda. Mwaka 1960 David Attenborough, yule mzee wa filamu za wanyama, alikuwa Madagaska. Akaona vipande vya maganda vimetapakaa mchangani, akawaambia wenyeji atawapa kitu kidogo kwa kila watakacholeta. Wakamletea vikapu tele, vipande vya mayai mbalimbali. Kisha akaja mvulana mmoja na vipande vikubwa alivyovipata mahali pamoja. Attenborough akavipanga kama mnavyopanga picha za kukatwa, akavishika kwa gundi ya karatasi, na yai zima likarudi. Vipimo vya baadaye vilionyesha lilitagwa kama miaka 1,300 iliyopita. Wakati ule Uislamu umekwisha fika Misri na Sham, na ndege yule bado anatembea Bukini.

Moa wa New Zealand

Tumemtaja kiwi, basi tupite kidogo kwao. New Zealand nayo ilikuwa na majitu yake, waliitwa moa, aina tisa. Jike wa aina kubwa alipita kilo 200, na akinyoosha shingo alifikia majani yaliyo juu zaidi ya mita 3. Dume wake alikuwa mdogo sana kwake. Na mabawa? Hakuwa nayo kabisa, hata mfupa wa alama haukuwepo.

Mwaka 1839 huko London, Richard Owen aliletewa kipande cha mfupa cha sentimita 15 hivi. Akakitazama, akakipima, akasema huu ni mfupa wa ndege mkubwa, karibu sawa na mbuni. Watu wakamtilia shaka. Mwaka 1843 yakaja masanduku ya mifupa kutoka New Zealand, na ikawa kama alivyosema.

Adui wa moa alikuwa mmoja tu, tai mkubwa kuliko tai wote waliopata kujulikana. Kisha, karibu na mwaka 1300, watu wakafika kwa ngalawa zao kubwa. Hao ndio Wamaori. Wakawakuta ndege hawajui kumkimbia binadamu. Katika muda usiofika miaka 200 moa wote wakaisha, na yule tai aliyewategemea akaisha nao. Wamaori mpaka leo kitu kikipotea moja kwa moja husema kimepotea kama moa.

Mbuni wa Arabuni

Mtasema, kaka, hizo ni habari za mbali na za kale. Haya, nitawasogeza.

Wenzangu tuliosoma fiqhi tunakumbuka mlango wa Hija. Aliyehirimia haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Akimuua, hulipa fidia ya mfano wake katika mifugo. Mwalimu akatuhesabia: ukiua mbuni, fidia yake ni ngamia. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukapita. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, mbuni anatoka wapi katika njia ya Makka?

Alikuwepo. Bara Arabu mpaka Sham na Iraki lilikuwa na mbuni wake, na washairi wa Kiarabu wa kale walimsifu ngamia aendaye mbio kwa kumfananisha naye. Hukumu ile haikutungwa kwa ajili ya mnyama wa kufikirika. Iliwahusu mahujaji ambao wangeweza kweli kukutana naye jangwani.

Leo mbuni yule hayupo. Alivumilia mikuki na farasi kwa karne nyingi. Hakuvumilia bunduki na magari ya karne ya 20. Wa mwisho kuripotiwa alionekana Jordan mwaka 1966, jike aliyesombwa na mafuriko, naye alikuwa anakufa. Babu zetu wengi hapa walikuwa wamekwisha zaliwa. Saudi Arabia baadaye ililetewa mbuni wa jamii ya jirani kutoka Afrika ili wakae kwenye hifadhi, na ni jambo jema. Lakini yule wa kitabuni amekwenda. Hukumu imebaki, mwenyewe hayupo.

Ni nani aliyewaua?

Mdogo wangu nilipomweleza yote haya aliniuliza hivyo, "Sasa nani aliwaua?" Alitaka jina. Watoto hupenda mwovu awe mmoja, tumjue, tumchukie, tulale.

Wa Bukini hakuna jina la kutoa. Aliisha kama miaka 1,000 iliyopita, na mambo yalikuwa mengi. Watu walikula mayai. Mifupa mingine ina alama za visu. Misitu ilichomwa ili pawe na malisho. Kuna mawe yanayokua tone kwa tone ndani ya mapango ya huko, na yamehifadhi habari kwamba kama miaka 1,100 iliyopita msitu wa sehemu zile ulibadilika kwa haraka ukawa nyasi, ingawa mvua haikubadilika. Mifugo ilikuwa imeingia. Na mkisikia Wamalagasi wanavyoita wanyama wao mtashangaa: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, kondoo ni ondry, mbwa ni amboa. Si maneno yetu hayo? Wanyama hao na majina yao yalivuka kutoka pwani hii ya Afrika. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba kisa hiki si cha watu wa mbali.

Aliyechukua yai hakuwa mwovu. Alikuwa baba ana watoto wana njaa. Alichukua moja, akaona msitu mkubwa, akasema mengine yapo. Jirani yake vile vile. Mtoto wa jirani vile vile. Tatizo ni kwamba ndege wakubwa hukua polepole. Kuku wako anataga baada ya miezi michache. Mifupa ya moa inaonyesha kwamba alichukua miaka mingi kukomaa, wengine karibu miaka kumi. Ukila kwa haraka kuliko wanavyokua, hesabu yenyewe inajimaliza, na hakuna siku hata moja ambayo mtu ataamka aseme leo nimewamaliza.

Sasa turudi kwa Sindbad. Katika hadithi yai lilipovunjwa, Rukh alirudi na majabali, na kila mtu akajua kuwa kosa limetendeka. Katika kisiwa cha kweli yai lilivunjwa na hakuna aliyerudi. Hakuna jahazi lililozama. Ndege alitembea usiku, akalikosa yai lake, akaendelea na njia. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Yai la nyumbani kwetu

Nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Nilipokuwa darasa la tatu, rafiki ya baba yangu, dereva wa lori, alitoka safari ya kaskazini akatuletea zawadi ya Idi: yai la mbuni. Nyumba nzima tulifurahi. Likatobolewa kwa msumari, likakaangwa, majirani wakaitwa. Ganda nikalibeba kuwaonyesha wenzangu. Nikasema nataka jingine. Na jingine likaja.

Nilipomsimulia mdogo wangu, hakucheka. Aliniuliza, "Na mama yake alirudi akalitafuta?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimesoma, naelekea kumaliza chuo, na kwa miaka yote hiyo swali hilo halikunipitia.

Kenya tuna mbuni wa aina mbili. Wa kusini shingo yake ni ya waridi. Wa kaskazini, upande wa Garissa, Wajir na Samburu, shingo yake ni ya kijivu yenye rangi ya samawati, na wataalamu humwita mbuni wa Kisomali. Huyu wa kaskazini amekwisha wekwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini, kwa sababu ya kuwindwa na kuchukuliwa mayai. Yuko bado. Tofauti yake na yule wa Arabuni ni kwamba huyu tunaweza kumwona kwa macho yetu.

Kwa hivyo nawaomba mambo mawili, na wazazi mnisaidie. La kwanza, mkisafiri bara, ama akija mgeni na yai ama manyoya ya mbuni barabarani anauza, msinunue. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwa na vitu hivyo bila kibali, lakini hata kama hakuna askari, mkumbukeni mama yake. Asiyepata mnunuzi hatarudi kesho kuchukua jingine.

La pili, usiku wa leo baada ya tarawehe, muulizeni babu ama nyanya: wakati wa utoto wako palikuwa na mnyama ama ndege gani hapa kwetu ambaye sisi hatumwoni? Andikeni kwenye daftari, mje nalo madrasa. Najua mtaleta majina mengi. Tutayasoma pamoja tujue ni nani amekwenda, na ni nani anaelekea kwenda lakini bado yupo.

Na nyinyi kaka na dada wa umri wangu, mtoto akikuuliza swali usiku, acha kitabu umjibu. Mimi nilimwambia ni hadithi tu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba haikuwa.

Naona mzee wa mbele ananitazama na tende yake mkononi, basi nikomee hapa. Nilipokosea nisameheni, ni upungufu wangu.